Kuchagua Zana za Kuipandisha Tovuti: Somo la Upimaji

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la kawaida usemi huu una ukweli mwingi, kwa kuwa mnunuzi huweza kuishika bidhaa, akaigeuza na kuilinganisha na nyingine. Katika mtandao wa intaneti hali ni tofauti. Humo mna mabilioni ya kurasa, wala hakuna binadamu awezaye kuzipitia zote. Mtu huandika maneno machache katika injini ya utafutaji, huletewa orodha, na aghalabu huridhika na majibu machache yaliyo juu. Ukurasa ulioandikwa kwa uangalifu na mtaalamu wa kilimo, ukiwa katika nafasi ya sitini, ni sawa na kitabu kilichofungiwa kabatini. Kwa upande mwingine, ukurasa wenye uongo juu ya tiba ya malaria, ukiwa katika nafasi ya kwanza, huweza kumdhuru mgonjwa.

Kwa sababu hiyo pamezuka biashara kubwa ya zana zidaiwazo kuipandisha tovuti katika orodha hizo. Baadhi ya zana hizo ni za bure na baadhi hulipiwa kila mwezi kwa fedha za kigeni. Nyingine zina manufaa ya kweli, nyingine hupima kivuli tu cha jambo, na nyingine huweza kumletea mwenye tovuti hasara. Shule, chuo au chama cha ushirika chenye bajeti ndogo hakina budi kujua tofauti baina yake. Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya kisayansi iwezayo kumsaidia mwalimu na mwanafunzi kuchagua. Somo lenyewe ni sehemu ya somo pana zaidi la sayansi, yaani namna ya kuchagua chombo cha kupimia.

1. Kazi tatu za injini ya utafutaji

Watu wengi hudhani kwamba injini ya utafutaji huukagua mtandao mzima mara tu mtu anapoandika swali. Sivyo. Kazi kubwa hufanywa kabla ya swali kuulizwa, nayo imegawanyika katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Injini hutuma programu ambayo mafundi huiita buibui. Programu hii husoma ukurasa mmoja, huviorodhesha viungo vyake, kisha huvifuata hadi kurasa nyingine, na kuendelea hivyo bila kuchoka. Mwenye tovuti huweza kuiongoza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni faili iitwayo robots.txt, ambayo taratibu zake zilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Faili hiyo humwambia buibui ni sehemu zipi asiingie. Njia ya pili ni ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani za kurasa zote ambazo mwenyewe angependa zisomwe. Utaratibu huu ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata kampuni za Yahoo na Microsoft zikaukubali pia.

Hatua ya pili ni kuweka faharasa. Faharasa ya injini inafanana na ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kiada: kila neno huandikiwa kurasa ambamo linapatikana. Mtu anapouliza swali, injini haiendi mtandaoni, bali huifungua faharasa yake. Ukurasa usiomo katika faharasa hauwezi kuonekana, hata uwe bora namna gani.

Hatua ya tatu ni kupanga. Hapa injini huzilinganisha kurasa zote zilizolingana na swali na kuzipa nafasi, ya kwanza, ya pili, na kadhalika.

Mgawanyo huu ndio ufunguo wa somo zima. Tovuti isiyoonekana huweza kuwa na ugonjwa katika hatua yoyote kati ya hizo tatu, na kila ugonjwa una kipimo chake. Mganga hampimi mgonjwa shinikizo la damu kwa kipimajoto. Vivyo hivyo, haifai kununua zana ya kuhesabu viungo wakati buibui amefungiwa mlango kwa mstari mmoja uliokosewa katika faili ya robots.txt.

2. Hesabu ya maneno

Njia kongwe ya kupanga kurasa ni kuyahesabu maneno. Lakini maneno yote hayana uzito sawa. Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika maandishi machache lina thamani kubwa zaidi katika utafutaji kuliko neno linalopatikana kila mahali. Wazo lake huweza kuelezwa kwa logi ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu: uzito wa neno ni logi ya idadi ya kurasa zote iliyogawanywa kwa idadi ya kurasa zenye neno hilo.

Chukua mkusanyo wa kurasa 1,000. Neno "na" limo katika kurasa zote 1,000, hivyo uzito wake ni logi ya 1, yaani sifuri. Neno "mahindi" limo katika kurasa 100, hivyo uzito wake ni logi ya 10, yaani 1. Neno "mbolea" limo katika kurasa 10 tu, hivyo uzito wake ni logi ya 100, yaani 2. Mkulima anauliza: "mbolea na mahindi". Ukurasa wa kwanza una neno "mbolea" mara 3 na "mahindi" mara 2; alama zake ni 3 × 2 + 2 × 1 = 8. Ukurasa wa pili una "mbolea" mara 1 na "mahindi" mara 5; alama zake ni 1 × 2 + 5 × 1 = 7. Ukurasa wa kwanza unashinda, ingawa jumla ya maneno yaliyolingana ni matano tu, na katika ukurasa wa pili ni sita.

Hesabu hii ina udhaifu ulio wazi. Mjanja huweza kuliandika neno "mbolea" mara 50 na kujipatia alama 100. Zamani wapo waliofanya hivyo hasa, hata wakaandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili msomaji asiyaone. Katika miaka ya 1990, Stephen Robertson na wenzake jijini London waliunda kanuni iliyozuia hila ya namna hii. Waliijaribu katika mfumo ulioitwa Okapi, jina lifananalo na la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Katika umbo lake rahisi, kwa ukurasa wenye urefu wa wastani, kanuni hiyo husema kwamba neno likitokea mara m, mchango wake ni 2.2 × m ÷ (m + 1.2). Neno likitokea mara 1, mchango ni 1.00, likitokea mara 3, ni 1.57, likitokea mara 10, ni 1.96, likitokea mara 50, ni 2.15. Hata likirudiwa mara elfu moja, mchango hauwezi kufika 2.2.

Mwanafunzi akichora grafu ya kanuni hii ataona mstari unaopanda haraka mwanzoni na kisha kulala. Kutokana na grafu hiyo anaweza kufikia uamuzi wake wa kwanza juu ya zana: programu inayomhimiza mwandishi arudie neno moja hadi lifikie asilimia fulani ya maandishi yote inasimamia hesabu iliyopitwa na wakati. Neno likikaa katika kichwa cha ukurasa na mara chache mahali panapostahili, kazi yake imekwisha.

3. Hesabu ya viungo

Mwaka 1998 Sergey Brin na Lawrence Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza njia ya kuupima ukurasa kwa kutazama nani anauelekezea. Waliiita PageRank. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine huchukuliwa kama kura. Lakini kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito mkubwa zaidi, na ukurasa unaopiga kura nyingi hugawanya uzito wake kwa kura hizo.

Chukua tovuti yenye kurasa tatu tu, A, B na C. Ukurasa A una viungo viwili, kimoja kwenda B na kingine kwenda C. Ukurasa B una kiungo kimoja kwenda C. Ukurasa C una kiungo kimoja kwenda A. Fikiri juu ya msomaji anayebofya viungo ovyo: mara 85 katika kila 100 hufuata kiungo, na mara 15 huchoka na kuruka kwenda ukurasa wowote kati ya mitatu. Kwa hiyo kila ukurasa hupata 0.15 ÷ 3, yaani 0.05, bila masharti. Na kilichobaki hutokana na viungo:

A = 0.05 + 0.85 × C
B = 0.05 + 0.85 × (A ÷ 2)
C = 0.05 + 0.85 × (A ÷ 2) + 0.85 × B

Milinganyo hii mitatu huweza kufumbuliwa ubaoni. Majibu yake ni A = 0.388, B = 0.215 na C = 0.397, na jumla yake ni 1. Ukurasa C, wenye viungo viwili vinavyouelekea, ndio ulio juu. Lakini jambo la kuzingatia ni A. Ukurasa huu unaelekezewa kiungo kimoja tu, sawa na B, na bado umeuacha B mbali sana, kwa kuwa kiungo chake kimetoka kwa C aliye mkubwa, naye C hakuigawa kura yake. Basi wingi wa viungo pekee hautoshi. Asili ya kiungo ndiyo yenye uzito.

Injini za siku hizi hutumia ishara nyingine nyingi, na hesabu zake kamili ni siri ya kampuni. Hata hivyo, misingi hii miwili, ya maneno na ya viungo, inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba nafasi ya ukurasa hutokana na sababu, na kwamba baadhi ya sababu hizo zimo mikononi mwa mwenye tovuti.

4. Aina za zana na kile zinachopima

Zana zilizopo huweza kuwekwa katika makundi matano.

(a) Zana za injini zenyewe. Google hutoa Search Console bila malipo, na Microsoft hutoa Bing Webmaster Tools. Mwenye tovuti huthibitisha kwanza kwamba tovuti ni yake, ndipo anapoonyeshwa ni kurasa zipi zimo katika faharasa, zipi zimekataliwa na kwa nini, watu waliuliza maneno gani, ukurasa ulionekana mara ngapi na ulibofywa mara ngapi. Katika Search Console kumbukumbu za utafutaji huhifadhiwa kwa miezi 16. Hakuna zana ya nje iwezayo kuyajua mambo haya kwa uhakika zaidi, kwa kuwa hapa mwenye daftari ndiye anayelisoma.

Hata hivyo takwimu zake zahitaji kusomwa kwa akili. Ukurasa ukionekana mara 2,000 na kubofywa mara 20, ni asilimia 1 tu ya waliouona waliovutiwa. Huenda kichwa chake hakielezi kilichomo. Tena, wastani huweza kudanganya. Ukurasa uliokuwa ukionekana mara 10 katika nafasi ya 2, ukianza kuonekana pia mara 10 katika nafasi ya 50 kwa swali jipya, wastani wake utakuwa 26. Asiyejua atalia kwamba tovuti imeporomoka, kumbe haikupoteza kitu, bali imeongeza wasomaji.

(b) Zana za kukagua tovuti. Hizi ni buibui wadogo ambao mwenye tovuti huwatuma mwenyewe. Huorodhesha viungo vilivyokatika, kurasa zisizo na vichwa, na kurasa mbili zenye maandishi yaleyale. Mojawapo ijulikanayo sana ni Screaming Frog, ambayo toleo lake la bure hukagua anwani zisizozidi 500. Tovuti ya shule yenye kurasa 80 haina haja ya kulipia zaidi ya hapo.

(c) Zana za kupima kasi. PageSpeed Insights na Lighthouse za Google hutolewa bure. Vipimo vikuu ni vitatu: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200, na kiwango cha kuhamahama kwa maandishi wakati wa kufunguka kisizidi 0.1. Kipimo hicho cha kuitika mguso kilichukua nafasi ya kingine cha zamani mwezi Machi 2024. Ukurasa huhesabiwa kuwa mzuri ikiwa angalau asilimia 75 ya ziara zake zinatimiza viwango hivyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi hutumia simu na hununua bando, kasi ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la nafasi. Ukurasa wenye megabaiti 3, kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, huchukua sekunde 24 kufika, kwa kuwa kila baiti ni biti 8. Picha zake zikipunguzwa hata ukurasa uwe na kilobaiti 300, muda huwa sekunde 2.4.

(d) Zana za kuchunguza maneno ya watafutaji. Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, huonyesha jinsi neno linavyotafutwa kwa kulilinganisha na kilele chake, kwa kipimo cha 0 hadi 100. Hapa makosa ni mengi. Alama 100 si watu mia. Ni kilele tu cha neno hilo katika muda na mahali palipochaguliwa. Tena, kwa maneno yanayotafutwa na watu wachache, kama yalivyo mengi ya Kiswahili, sifuri haina maana kwamba hakuna anayeuliza, bali takwimu hazikutosha.

(e) Zana za kukadiria hadhi ya tovuti. Kampuni za Moz, Ahrefs na Semrush huuza huduma ambazo, pamoja na mambo mengine, huipa kila tovuti alama kati ya 0 na 100. Alama hizi ni makadirio ya kampuni zenyewe, yatokanayo na viungo ambavyo buibui wao wameviona. Google haizitumii katika kupanga. Zinaweza kusaidia kulinganisha tovuti mbili kwa jumla, lakini atakayezifanya kuwa lengo la kazi yake atakuwa anakimbiza kivuli.

5. Kipimo kilichogeuka bidhaa

Hatari ya kukimbiza kivuli ina historia yake. Mwaka 2000 Google ilitoa upau wa vivinjari uliomwonyesha kila mtu alama ya PageRank ya ukurasa aliokuwa akiutazama, kutoka 0 hadi 10. Ilikusudiwa kuwa taarifa tu. Lakini mara alama hiyo ilipokuwa ikionekana na wote, ikawa na bei. Wenye tovuti za alama za juu walianza kuuza viungo, na wengine wakajenga tovuti tupu zisizo na kazi nyingine ila kupigiana kura. Kadiri kura zilivyouzwa, ndivyo zilivyopungua kuwa ushahidi wa ubora. Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alikwisha kutoa onyo la namna hii mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia mambo ya fedha: kipimo kikishafanywa shabaha ya utawala, uhusiano wake wa awali na jambo lililopimwa huvunjika.

Mfano mashuhuri ulitokea Marekani mwezi Februari 2011. Gazeti la New York Times lilichunguza kwa nini kampuni ya maduka ya J. C. Penney ilikuwa ikiongoza katika utafutaji wa bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi mazulia. Ilibainika kwamba maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo vilikuwa vikiielekea. Kampuni ilisema kwamba haikuviidhinisha, nayo ikaachana na washauri wake wa kazi hiyo. Google ikachukua hatua. Kwa mujibu wa gazeti hilo, wastani wa nafasi ya kampuni kwa maneno 59 ulikuwa 1.3 tarehe 1 Februari. Tarehe 10 Februari ulikuwa 52. Mwezi Aprili 2012 Google ilianza kutumia utaratibu mpya ulioitwa Penguin, uliowekwa mahsusi dhidi ya viungo vya hila. Upau ule wenyewe uliacha kuonyesha alama mwaka 2016.

Funzo lake ni zito kwa taasisi ndogo. Kampuni kubwa ina fedha za matangazo ya kuisaidia kusimama tena. Chuo cha mkoani hakina. Kwa hiyo zana au mshauri anayeahidi viungo mia kwa siku saba, au nafasi ya kwanza kwa hakika, hafai kusikilizwa. Hakuna mtu wa nje mwenye mamlaka ya kutoa ahadi hiyo.

6. Tatizo la pekee la Kiswahili

Zana nyingi ziliundwa na watu waliokuwa na Kiingereza akilini. Katika lugha hiyo neno halibadiliki sana umbo. Katika Kiswahili, shina moja "-lim-" huzaa analima, walilima, tutalima, mkulima, wakulima na kilimo. Na mabadiliko mengi hutokea mwanzoni mwa neno, si mwishoni. Zana inayolinganisha herufi kwa herufi itayahesabu haya kuwa maneno sita yasiyohusiana, na itamlaumu mwandishi kwamba neno lake halikutokea vya kutosha. Lawama hiyo isitiiwe. Mwandishi atakayeilazimisha sentensi ibebe umbo moja tu la neno ataharibu lugha, na msomaji ataondoka.

La muhimu zaidi ni kuchagua neno ambalo watu hulitumia. Mtaalamu huandika "virutubisho vya mazao ya nafaka". Mkulima huuliza "mbolea ya mahindi". Wengine husema "tarakilishi", na wengi husema "kompyuta". Busara ni kuliweka katika kichwa neno lililozoeleka, na neno la kitaalamu katika maelezo, ili ukurasa upatikane na pia ufundishe. Orodha bora ya maneno hayo haipatikani katika zana ya kulipia. Hupatikana katika Search Console, ambamo maswali yaliyowaleta wasomaji huonekana jinsi walivyoyaandika. Tena, ukurasa mmoja uwe wa lugha moja, kwani Google hutambua lugha kwa kuyasoma maandishi yenyewe, na mchanganyiko huweza kuipoteza.

7. Masharti ya kuchagua

Kutokana na maelezo hayo, zana yoyote na ipitishwe katika maswali matano kabla ya kutumiwa. Kwanza, inapima hatua ipi: kukusanya, kuweka faharasa, au kupanga? Pili, takwimu zake zinatoka wapi: kwa injini yenyewe, kwa tovuti yenyewe, au kwa makadirio ya muuzaji? Tatu, inaonyesha sababu iwezayo kurekebishwa, au inatoa alama tu? Nne, je, kipimo kikirudiwa kesho pasipo mabadiliko yoyote, kitatoa jibu lilelile au lililo karibu? Tano, je, gharama yake inalingana na ukubwa wa tovuti?

Baada ya kuchagua, kazi na ifanywe kama jaribio la maabara. Kosa la kawaida ni kubadili vichwa, picha na viungo siku moja, kisha kutangaza kwamba zana fulani imefaulu. Hapo hakuna ajuaye ni kipi kilicholeta matokeo. Njia iliyo sahihi ni hii: katika kurasa 20 zinazofanana, 10 zibadilishwe vichwa na 10 ziachwe kama zilivyo, zote ziangaliwe kwa majuma kadhaa, kisha makundi mawili yalinganishwe. Kama yote mawili yamepanda, sababu si vichwa. Pengine ni msimu wa mitihani. Wala isitoshe kutafuta jina la shule katika simu ya mwalimu mkuu na kufurahi kwa kuliona juu, maana matokeo hubadilika kwa mahali, kwa kifaa na kwa wakati.

Pia yafaa kukumbuka kwamba nafasi si mwisho wa safari. Tangu mwezi Mei 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya baadhi ya majibu, kuanzia Marekani na kisha katika nchi nyingine, muhtasari unaotungwa na akili bandia. Msomaji huweza kuridhika na muhtasari huo asibofye chochote. Hivyo kipimo cha mwisho cha tovuti ya elimu ni kama mwanafunzi aliyeitafuta maana ya usanidimwanga ameipata na kuielewa.

Kwa hiyo, taasisi inayoanza haina haja ya matumizi makubwa. Zana ya injini yenyewe, buibui mdogo wa ukaguzi na kipimo cha kasi, zote za bure, zinatosha kugundua sehemu kubwa ya kasoro. Fedha ambazo zingelipiwa alama za hadhi zitumike kumlipa mwandishi mzuri na mpiga picha mzuri. Kizuri hakijiuzi chenyewe katika mtandao. Lakini kikishafunguliwa mlango, kikapewa jina lake la kweli na kuondolewa uzito usio na faida, kina nafasi ya kuonekana.

Maswali ya kujipima

1. Katika mkusanyo wa kurasa 1,000, neno "magadi" limo katika ukurasa 1 tu. Uzito wake ni kiasi gani? Eleza kwa nini ni mkubwa kuliko wa neno "mbolea".

2. Chora grafu ya kanuni 2.2 × m ÷ (m + 1.2) kwa m kutoka 0 hadi 20. Kutokea mara ngapi kunatosha kufikisha tisa ya kumi ya kikomo chake?

3. Katika mfano wa kurasa A, B na C, ukurasa C umeongezewa kiungo cha pili kwenda B. Andika milinganyo mipya, ifumbue, na ueleze ukurasa upi umepoteza na kwa nini.

4. Muuzaji anadai kwamba zana yake iliipandisha alama ya tovuti kutoka 12 hadi 30 kwa mwezi mmoja. Taja maswali matatu ambayo mkuu wa shule angepaswa kumuuliza kabla ya kulipa.

5. Buni jaribio la kuchunguza kama kupunguza ukubwa wa picha kumeongeza idadi ya wasomaji. Eleza ni kipi kitabadilishwa, ni kipi kitaachwa, na ni kitu gani kitapimwa.